Koti la Baba Yako

Shabani mwanangu,

Salamu sina, maana asubuhi tumesalimiana, mchana tumekula pamoja, kisha ukatoka kwenda Nyamirambo kuwaaga wenzako na mlango ukauacha wazi, kawaida yako. Nimeufunga. Nimekaa kwenye cherehani lakini sishoni. Naandika kwenye karatasi ya kukatia nguo kwa sababu nyingine humu ndani sikuiona. Ukigeuza nyuma ukakuta michoro ya kwapa na kola, usidhani nami nimeanza sanaa. Hilo ni gauni la mteja.

Naandika kwa sababu kwa mdomo tumeshindwa. Tangu siku uliyoliomba koti la marehemu baba yako ukalikate ulifanyie kazi zako za sanaa, hatujaongea tukamaliza vizuri. Wewe unapandisha sauti, mimi napandisha yangu, na hapa Kimisagara ukuta wetu ndio ukuta wa jirani, basi jirani anakohoa ili tujue kwamba anasikia. Nimechoka, mwanangu. Miguu imechoka, mgongo umechoka, na kuliko vyote nimechoka kukujibu hapana. Kesho unapanda basi Nyabugogo kwenda Nairobi kwa sanaa yako, mwaka mzima. Sitaki uondoke kabla hatujalimaliza hili la koti.

Habari za sweta, chakula cha njiani na kupiga simu ukifika mpakani sizirudii. Umezisikia wiki nzima. Lakini siwezi kukueleza habari za koti bila kuanzia ile safari yetu wawili ya Nairobi, maana shina la mambo haya yote liko kule, na nusu yake hukuiona ingawa tulikuwa pamoja.

Watu niliwaambia unanisindikiza kunibebea vitambaa. Kweli ulibeba. Tulipomaliza kununua Eastleigh basi letu la kurudi lilikuwa bado, tukabaki hatuna la kufanya, nawe ukasema, "Mama, twende tukaone kuta." Nikakuuliza, kuta? Kwani Kigali tunaishi nje? Ukacheka. "Hizi zimechorwa, Mama. Twende tu, iko karibu." Karibu ya kijana na karibu ya mama mwenye miguu ya kuvimba si moja. Nilitembea siku ile mpaka nikaanza kuvichukia viatu ambavyo nilivinunua kwa mapenzi yangu mwenyewe.

Ule ukuta wa kwanza bado nauona. Sura ya mwanamke mzee, kubwa kuliko nyumba yetu, kilemba cha manjano, na macho yanayokufuata hata ukihama upande. Ulisimama mbele yake ukanyamaza. Hujawahi kunyamaza vile hata msikitini. Kisha ukaanza kupiga picha, unarudi nyuma, unainama, unavuka barabara bila kutazama magari, na mimi moyo mkononi. Chini ya kidevu cha yule bibi wa rangi kulikuwa na mama anakaanga viazi. Nilimsalimia, akanisogezea kibao chake nikae, yeye akabaki amesimama.

Nikamuuliza, yule wa ukutani ni nani?

"Sijui," akasema. "Walikuja wakachora, wakaenda. Watoto wangu wanamwita shosho, vile wanaita bibi yao."

"Hukuwauliza?"

"Ningewauliza saa ngapi? Watu wakija hapa wananiambia nisonge kidogo, ati moshi wangu unaharibu picha. Mimi ndio niko hapa kila siku, na kwa hizo picha zao zote siko."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anageuza viazi, amechoka tu, mchovu mwenzangu. Na pale pale, kutoka ng'ambo ya barabara, nikasikia sauti yako: "Mama, sogea kidogo kushoto." Yule mama akaniangalia, nami nikamwangalia, tukacheka mpaka machozi yakatutoka. Wewe ukapunga mkono. Ulidhani tumefurahia picha.

Sikufundishi kazi yako. Sijui rangi, na ulipochora ule ukuta wa kinyozi pale chini, mimi ndiye niliyekuuliza kwa nini usiandike tu bei za kunyoa kwa herufi nzuri. Uliumia na ulikuwa na haki. Lakini nilipokaa chini ya yule bibi nilijiuliza ana jina gani, ana watoto wangapi, nani alimfunga kile kilemba, na watu wanampita kama taa ya barabarani. Ulipoliomba koti la baba yako, yeye ndiye aliyenijia kichwani. Niliona baba yako ametundikwa mahali, mkubwa, mzuri, na hakuna anayemjua. Ukirudi pale, nunua viazi kwanza.

Kesho yake ukanipeleka lile jumba la sanaa. Hilo tulilipita kimya miaka yote hii, na leo nitalisema.

Mle ndani sakafu inang'aa, watu wananong'ona kama wako matangani. Ulinionyesha picha moja baada ya nyingine na mimi nikawa naitikia tu, ee, nzuri, ee, hii pia nzuri, huku natafuta kiti kwa macho. Kisha nikaiona ile nguo kubwa iliyotundikwa ukuta wa mwisho, imeungwa kwa nguo kuukuu, leso, mashati, vipande vya magauni. Nikasogea, mwanangu, kwa furaha ambayo huwezi kuijua. Hatimaye kitu changu. Mshono wa mkono, mfupi, sawasawa, mtu aliyekaa chini na subira yake. Nikaufuata mshono kwa jicho mpaka chini pembeni, na pale nikaona uzi mrefu unaning'inia.

Fundi akiona uzi unaning'inia hafikiri. Mkono hauombi ruhusa kwa kichwa. Mkasi niliuacha tulikolala, basi nikainama nikaukata kwa meno.

Uliniita "Mama" kwa sauti ndogo, sauti ya mtu aliyeona gari linapinduka. Mlinzi akaja mbio. "Mama, hapa haturuhusu kushika," akasema, "na wewe umeuma." Watu wakageuka. Ndipo wewe ukaanza kumweleza kwa Kiingereza kwamba nisamehewe, mama yako hajui mambo haya. Kiingereza changu ni cha kuuziana vitambaa, lakini hayo niliyaelewa, yote, mpaka mwisho.

Iliniuma. Nakwambia leo kwa kuwa siku ile sikusema. Uliposema hajui, nilijiona kwa macho ya watu wale, mama mnene mwenye viatu vya vumbi aliyeuma ukuta. Na iliniuma zaidi kwa sababu lilikuwa neno la kweli. Sikujua.

Kisha akaja mwenyewe, Njeri, ambaye leo unamwita dada na kesho kutwa atakupokea. Nywele fupi, sindano imechomekwa kwenye kifua cha shati. Akauliza nani amegusa. Wewe ulitazama sakafu. Nikasema, ni mimi.

"Huo uzi niliuacha makusudi," akasema.

"Makusudi gani, mwanangu? Uzi ukining'inia, kazi haijaisha."

"Ndiyo haijaisha. Hii alikuwa anaishona nyanya yangu, ni nguo zake mwenyewe. Hapo ndipo sindano yake ilisimama. Tulimkuta ameishika."

Wewe hapo ulikuwa umeshatoka nje, ulishindwa kubaki, sikulaumu. Kwa hiyo hukuona kilichofuata. Nilikaa chini, pale pale kwenye ile sakafu yao inayong'aa. Na ule uzi ulikuwa bado mdomoni. Fundi huutema uzi akishakata, lakini kwa heshima ya mahali sikutema, niliubana shavuni. Nikautoa kwa vidole, umelowa mate, nikampa. Nikamwambia anisamehe. Usiamini mtu akikuhadithia kwamba alinikumbatia. Aliutazama ule uzi kiganjani muda mrefu, akauviringisha kwenye karatasi laini, akaingia chumba cha nyuma, nami nikabaki chini na yule mlinzi, hajui aniinue au aniache.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akaniuliza, "Wewe ulijifunza wapi kushona?" Nikamwambia Bujumbura, Buyenzi, kwa mama yangu mdogo. Akaniuliza yule kijana aliye nje ni wangu? Nikasema ni wangu, naye anachora. Akakuita. Mkakaa, ukamwonyesha kuta zako kwenye simu, na yaliyobaki unayajua kuliko mimi. Kama meno yangu yangetulia siku ile, kesho usingekuwa na safari. Nimelifikiria hilo mara nyingi na bado sijajua kama nijipongeze au nijizabe kofi.

Tuliporudi ukaanza kuokota vipande chini ya cherehani yangu na kuviunga. Tangu utoto wako hujakaa karibu na cherehani yangu vile. Nilijifanya nimekasirika kwamba unanichafulia chumba. Nilifurahi, Shabani. Nilikuwa naangusha chini vipande vizuri kwa makusudi, hukugundua.

Halafu ikaja ile Idi. Shangazi yako Mwajuma kaja kutoka Busanza na sufuria lake la pilau, tumekaa, tumeshiba, na wewe wali uko mdomoni unasema, "Mama, nataka lile koti la Baba. Nitalikata, litakuwa kazi yangu ya kwanza Nairobi."

Shangazi akaweka kijiko. "Koti gani? Nguo za kaka yangu si tulizitoa sadaka zote?"

Mwanangu, siku ile ulinivua nguo mbele ya wifi yangu. Unajua ada yetu. Nguo za marehemu hazilali ndani, wanapewa wa kuzivaa, na yeye huko aliko anapata thawabu zake. Nilitoa mashati, nilitoa suruali, nilitoa kanzu na viatu, na nikamwambia Mwajuma nimemaliza. Koti lilikuwa chini ya robota la kitambaa cha sare. Wewe ulijua kwa sababu wewe huna kabati usilolipekua.

"Wapakiaji wanatetemeka alfajiri pale Nyabugogo," shangazi yako akasema, "na koti la mpakiaji mwenzao limefichwa humu. Na huyu sasa anataka kulikata likaangaliwe."

Ukamjibu, "Shangazi, akilivaa mtu litaisha. Likitundikwa litabaki."

"Libaki lifanye nini?"

Tangu siku hiyo nimewanyima nyote wawili. Yeye nimemnyima la kuvaliwa, wewe nimekunyima la kukatwa. Mkadhani ni ukaidi. Ukaidi ninao, lakini sikiliza.

Koti lile lina umri wa ndoa yangu. Nilipotoka Bujumbura kuja huku kuolewa sikujua baridi. Buyenzi ni joto, mtu anaanika nguo na kuianua kabla hajamaliza kusengenya. Hapa baba yako alikuwa anatoka kabla ya jua kwenda kupakia mizigo kwenye mabasi, na ukungu umelala bondeni, shati moja mwilini. Nikasema nitamshonea koti. Nilikuwa najua magauni na sare za shule, koti sijawahi kulishika. Nikapata kitambaa kizito cha kijivu, mabaki ya robota, kinatosha kwa kubanabana. Nikakata mgongo, nikakata vifua, nikakata mikono. Kuja kuiunga, naona mikono yote miwili ni ya kushoto.

Kila fundi amewahi kukata mikono miwili ya upande mmoja, na ukimuuliza atakataa. Kitambaa kimekwisha, pa kupata kingine hakuna. Nililia kidogo, kisha nikageuza mkono mmoja ndani nje, ukawa wa kulia, ila ule upande wa nyuma wa kitambaa ndio ukatokea nje. Ndiyo maana mkono wa kulia una rangi ya majivu na wa kushoto ni kijivu cha kweli. Wewe umekua ukidhani umepauka kwa jua.

Wenzake walimcheka. Akawaambia, "Huu wa kazini, huu wa msikitini." Akarudi nyumbani ananihadithia huku anacheka, na mimi sikucheka. Tangu siku ile, kila alfajiri akilivaa, nilikuwa namwambia, subiri nipate kitambaa nikubadilishie huo mkono. Kila alfajiri. Mabega yalichakaa kwa magunia, nikaweka kiraka, kiraka kikachakaa nikakiwekea kiraka, hayo sikuyaona kuwa neno. Neno lilikuwa mkono. Naye alikuwa ananiambia, "Mama Shabani, una ugomvi gani na huu mkono? Unanipasha joto sawa na mwenzake."

Kuna siku nilipata kitambaa kinachokaribia kufanana. Nikamwambia vua. Akakataa, akatoka zake. Nilinuna siku nzima, jioni nikampakulia chakula bila neno. Kwa ajili ya mkono wa koti.

Sasa nikwambie kitu ambacho hata Mwajuma sijamwambia. Tangu baba yako afe, nikitaka kuikumbuka sura yake ya alfajiri, pale mlangoni, kabla hajatoka, siipati. Naona mkono wa kulia, ule wa majivu, unafungua komeo. Najua alikuwa anageuka kuniaga, alikuwa anageuka kila siku, lakini alipogeuka mimi macho yangu yalikuwa kwenye kosa langu. Miaka yote ile mtu alisimama mbele yangu na nilichotazama ni mshono. Picha zake ninazo, za harusi, za kitambulisho. Ile ya mlangoni ndiyo ninayoitaka, na hakuna wa kunirudishia. Inaniuma kuliko kifo chenyewe, maana kifo sikukileta mimi.

Wewe kazi yako ni kutazama. Utatazama kuta za watu, picha za watu, mwaka mzima. Sina la kukuongezea hapo ila hilo lililonipata.

Kwa hiyo nilipokunyima koti, nilisema ni heshima ya marehemu, na hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni haya. Niliwaza watu wa Nairobi wamesimama mbele yake, wanaona mkono ule, wanaulizana fundi gani huyu. Mama yako ana nywele nyeupe na bado anawaogopa watu asiowajua kwa kosa la ujana. Na niliwaza litaning'iniza uzi mahali, na atatokea mwanamke kama mimi aliume. Na chini ya hayo yote kulikuwa na ujinga mmoja ambao najua ni ujinga, kwamba koti likiwa zima, bado lina mwenyewe wa kulivaa.

Leo mchana, ulipotoka, shangazi yako alikuja na chapati zako za safari. Nikalitoa koti chini ya robota, nikalitandaza juu ya meza. Akashukuru Mungu, akafungua mfuko wake, akidhani nimekubali sadaka. Nikachukua wembe.

"Wifi, unafanya nini?"

"Nalifumua."

"Si ulisema halikatwi?"

Nikamwambia halikatwi. Mkasi unapita popote unapotaka, haujui nani alishona wala kwa nini. Kufumua ni kurudi kwa njia ileile niliyokwenda, mshono kwa mshono, na njia ile hakuna anayeijua ila mimi. Kama ni lazima liachane, litaachana pale nilipoliunganisha.

Nilidhani ataondoka. Kisha akavuta kibao, akakaa, akaanza kuzivuta nyuzi nilizokata. Macho yangu hayaoni vizuri siku hizi, yeye ananishikia mshono kwenye mwanga wa dirisha, mimi napitisha wembe. Kwenye maungio ya mabega vumbi likaanza kumwagika, unga wa mahindi, nyuzi za magunia, udongo wa Nyabugogo wa miaka yote ile umejificha ndani ya mshono ambako hakuna sabuni inayofika. Mwajuma akalikinga kwa kiganja.

"Kaka yangu alikuwa mchafu tangu utoto," akasema, akaangua kilio. Nami nikalia. Tulilia kama tumepokea habari leo. Tulipotulia hatukukubaliana mahali pa kulitupa lile vumbi, basi akalifunga kwenye pindo la leso yake na ameondoka nalo hadi Busanza.

Mkono wa kulia ndio ulionichelewesha. Mishono yake ni midogo, imebana, mishono ya msichana mwenye hofu aliyejua ameharibu. Nilipoufumua nikaugeuza, na ule upande wa kijivu halisi, uliokuwa umefichwa ndani tangu siku nilipoushona, ukatoka mpya kabisa.

Sadaka nayo tumeiafiki. Nitashona koti jingine kwa kitambaa kipya, Mwajuma atalipeleka kwa wapakiaji mwenyewe, na safari hii amesema atasimama juu yangu wakati wa kukata mikono.

Vipande viko kwenye begi lako, chini ya mashati. Mgongo, vifua, mabega na viraka vyake vyote, kola, mifuko, na mikono miwili ya kushoto. Nimevipiga pasi. Usiutengeneze ule mkono, uuweke utakavyoona wewe. Na wakikuuliza ni fundi gani aliyekata hivi, usiombe msamaha kwa niaba yangu. Wape jina langu lote.

Utavipanga vipande na utaona kuna kitu kimepungua. Usinipigie simu kuuliza. Bitana haimo, kile kitambaa cha ndani nimebaki nacho. Nilishonea kitambaa laini cha bluu, kimeliwa kwapani na kwenye kola, na ukikisogeza puani bado ni yeye. Watu wa Nairobi watazame upande wa nje. Upande uliomgusa hupewi.

Mama yako